Kifaa cha muziki cha bibi kilichonunuliwa mara mbili

Inapofika saa mbili asubuhi, nyumba yao ya Mbagala inakuwa imebaki na mtu mmoja. Kijana wa kidato cha pili ameondoka kabla hakujapambazuka vizuri ili awahi daladala. Mama yake, fundi cherehani, yuko kwenye kibanda chake karibu na stendi. Baba ni dereva wa lori, akiwa nyumbani huhesabiwa kama mgeni. Anayebaki ni bibi, mwenye umri wa miaka 71, ambaye hajaona kitu kwa miaka mitatu sasa.

Presha ya macho, ambayo wataalamu huiita glakoma, ndiyo iliyomchukulia uoni wake. Ilianza kimya kimya akiwa Tanga, ikagundulika jicho moja limeshakwisha na la pili linaelekea huko. Uoni uliopotea kwa ugonjwa huo haurudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Binti yake akamleta Dar es Salaam, akampa chumba cha mbele, na jirani akakubali kuchungulia mara mbili tatu kwa siku.

Giza bibi alilizoea mapema kuliko walivyotarajia. Mchana ndio uliomshinda, kwa urefu wake.

Jioni mambo hubadilika. Mama akirudi, simu yake hugeuka redio ya nyumba nzima. Bibi alikulia Tanga wakati Black Star na Lucky Star zikitamba kwa taarabu, na nyimbo hizo anazijua hadi mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Akizisikia anakula vizuri zaidi, anaongea zaidi, na utani wake na mjukuu unarudi. "Mume wangu, leo umeniletea nini?" humuuliza kijana anapoingia na begi la shule.

Lakini simu hiyo ndiyo ofisi ya fundi. Oda za sare, vipimo vya wateja na malipo vyote hupita humo, haiwezi kushinda nyumbani. Redio ya zamani ilikuwepo dirishani, ila bibi aliomba izimwe. "Hiyo inaniimbia wanachotaka wao," alisema.

Januari, msimu wa sare za shule, mama alifanikiwa kuweka pembeni Sh45,000. Akaamua zinunue kile kidude cha kusikilizia muziki ambacho watu wengi hukiita MP3 tu, ili mama yake awe na nyimbo zake mchana kutwa bila kumtegemea mtu.

Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, muuzaji alimpangia juu ya kioo cha duka vifaa vitatu. Cha kwanza kidogo kama kiberiti, cha kubana kwenye nguo, Sh12,000. Cha pili kina kioo cha kugusa, kinacheza na video, kimeandikwa GB 16, Sh35,000 pamoja na hedifoni za bure. Cha tatu ni kama kiredio, kina spika yake, vitufe vikubwa na sehemu ya kuchomeka memori kadi, Sh28,000.

Hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina analolijua, na hilo lisimshangaze mnunuzi. Biashara hii imekwisha kwa makampuni makubwa. Kifaa cha kwanza cha aina hii kuuzwa, MPMan cha Korea Kusini cha mwaka 1998, kilikuwa na nafasi ya megabaiti 32, sawa na nyimbo nane hivi. Apple walileta iPod Oktoba 2001 kwa dola 399, wakauza kwa miaka 20, kisha Mei 2022 wakatangaza kuacha kuitengeneza kwa sababu simu zimechukua kazi yake. Mwenye mfuko mdogo leo anachagua kati ya vifaa visivyo na jina, na kwa kuwa jina haliwezi kumsaidia, inabidi asaidiwe na maswali.

Mama aliuliza swali moja. "Kaka, kipi kizuri?"

Muuzaji hakusema uongo. Kwa macho yake, na kwa macho ya mama, kizuri kilikuwa cha kioo. Kilikuwa kinang'aa, kina picha za maua, na kilifanana na kitu ambacho mtu akimpelekea mama yake, majirani watajua amempelekea kitu. Akalipa Sh35,000, nyingine akanunulia machungwa.

Usiku ule bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakishukuru, akaanza kukipapasa. Akakigeuza mbele na nyuma. Vidole vilipita juu ya kioo mara nyingi, vikateleza.

"Kinawashwa wapi?"

"Hapo hapo mbele, mama, ukigusa chini kulia."

"Hapa kote ni sawasawa, mwanangu. Hiki ni kioo. Mimi na kioo wapi na wapi?"

Mjukuu alijaribu kumfundisha siku tatu. Akabandika kipande cha plasta mahali pa kugusa ili bibi akihisi, lakini akibonyeza juu ya plasta kioo hakisikii, na akigusa pembeni kidogo kinafunguka kitu kingine. Mwishowe wakakubaliana kijana amwashie asubuhi kabla ya kwenda shule, kisha kiendelee chenyewe hadi chaji iishe. Chaji iliisha saa tano.

Siku ya nne ndiyo iliyomaliza mjadala. Bibi alikuwa ameketi barazani na hedifoni masikioni, kikombe cha chai mkononi. Jirani akaingia kama kawaida yake, akabisha hodi mara tatu, hakujibiwa, akamgusa bega. Bibi aliruka kwa mshtuko, chai ikamwagika mapajani. Bahati ilikuwa imeshapoa.

Jioni alivua zile hedifoni akazikunja vizuri, akamkabidhi binti yake. "Macho yalishafungwa, hilo ni la Mungu," alisema. "Sasa ninyi mnaniziba na masikio."

Mama alinyamaza. Hakuwa amefikiria kwamba mtu asiyeona huishi kwa masikio. Bibi hujua ni nani ameingia kwa mwendo wa ndala. Anajua maji yamechemka, mvua inakuja, mtoto wa jirani analia kwa njaa au kwa deko. Kumpa kifaa kinachosikika ndani ya masikio tu ni kumfungia mlango, hata kama ndani ya mlango huo mna nyimbo anazozipenda.

Kile cha kioo kikahamia kwa mjukuu bila hata kuombwa, na hapo likaanza jambo jingine ambalo wazazi wengi watalitambua.

Wiki mbili baadaye mama alikuwa akikata kitambaa huku kijana anaosha vyombo uani. Alisikia muziki. Akadhani ni wa jirani, kumbe ni wa hedifoni za mwanawe, hatua kama sita kutoka alipo. Alimwita mara mbili hakugeuka. Alipomuuliza, kijana alikiri kwamba kwenye daladala hupandisha sauti hadi mwisho kwa sababu ya injini na konda, na kwamba usiku akilala husikia mlio kama wa mbu ambao hauondoki.

Mlio huo si wa kupuuzwa. Ndani kabisa ya sikio mna chembe laini zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Mlio baada ya kelele ni dalili kwamba zimechoshwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asipite wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda salama hukatwa nusu: kwa mtu mzima, ikifika desibeli 89 zile saa 40 zimebaki tano.

Nyumbani hakuna anayemiliki kipimo cha desibeli, ila zipo njia za kienyeji. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Chenye ngazi 30 kiishie 18. Anayevaa hedifoni aweze kumsikia mtu anayeongea naye kwa sauti ya kawaida akiwa umbali wa mkono. Na zile hedifoni za bure zinazoning'inia masikioni bila kuziba vizuri ndizo mbaya zaidi kwenye daladala, maana kelele za nje huingia na mtoto hulazimika kupandisha muziki juu yake. Mzazi mwenye Sh10,000 ya ziada afadhali aiweke kwenye hedifoni zinazokaa vizuri sikioni kuliko kwenye GB ambazo hazitajazwa. Baadhi ya vifaa, hata vya bei ya chini, vina sehemu ya kuwekea kikomo cha sauti. Cha kijana kilikuwa nacho, ndani ndani ya orodha ya mipangilio. Mama alikiweka mwenyewe, siku hiyohiyo, huku mwanawe akilalamika kwamba sasa hasikii chochote. Baada ya siku chache akaacha kulalamika. Mlio wa mbu nao ulipungua.

Bibi bado alikuwa hana chake.

Machi, zamu ya mama ilipofika kwenye mchezo wa mafundi wenzake, alitenga Sh40,000. Safari hii alifanya ambalo lilipaswa kufanyika mwanzo: alimchukua bibi mwenyewe. Walikwenda Jumapili asubuhi, mitaa ya Kariakoo ikiwa bado ina nafasi ya kupita, mjukuu kushoto, binti kulia.

Duka lilikuwa jingine. Muuzaji kijana aliwakaribisha vizuri, kisha akamgeukia mama. "Anapenda nyimbo gani?"

"Niulize mimi, mwanangu," bibi alisema. "Mdomo ninao."

"Samahani, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe nivishike."

Akapewa kimoja kimoja. Kile kidogo cha kubana kwenye nguo alikirudisha mara moja, vitufe vyake vyote vilikuwa duara moja lisilo na tofauti. Kilikuwa na redio pia, lakini haishiki bila hedifoni kuchomekwa, kwa kuwa waya wake ndio antena, na hedifoni hakutaka tena kuzisikia. Cha nne ndicho kilichokaa kiganjani. Ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia, spika mbele, vitufe vitano vilivyoinuka, na pembeni gurudumu la sauti ambalo likizungushwa kutoka mwanzo hulia "tak" na kifaa kinawaka. Bibi alizungusha mbele, akarudisha nyuma, akazungusha tena. "Hiki kinaongea na kidole," alisema.

Kisha yakaanza majaribio, ambayo mjukuu alikuwa ameyaandaa usiku uliotangulia kwa kuwa ndiye aliyeumia na kile cha kwanza. Alicheza wimbo hadi katikati, akazima, akawasha. Kifaa kikaendelea palepale. Vingi vya bei ndogo hurudi wimbo wa kwanza kila vinapowashwa, na kwa asiyeona na anayesikiliza hadithi au mawaidha ya saa nzima, hilo peke yake linatosha kukikataa. Akafungua nyuma, akakuta betri ya BL-5C, aina ileile iliyotumika kwenye simu nyingi ndogo za Nokia. Ikichoka, inabadilishwa kwa fedha kidogo. Ile ya kile cha kioo imegandishwa ndani, ikifa kifaa kizima kimekufa. Akaangalia tundu la chaji kama linaingia waya walionao nyumbani. Likaingia.

Kwenye memori kadi kulikuwa na mvutano. Muuzaji alitoa ya GB 64 kwa Sh15,000 na ya GB 8 kwa Sh9,000, akasisitiza kwamba tofauti ni ndogo. Mjukuu akauliza kifaa kinasoma hadi ngapi. Kwenye boksi iliandikwa GB 32, hivyo hiyo kubwa huenda isingesomeka kabisa. Tena kadi bandia zimejaa sokoni: zinaandikwa namba kubwa, ndani nafasi halisi ni ndogo, na nyimbo zinazopita hapo hufutika au kukatika. Njia ya kuigundua ni kuijaza hadi mwisho, kisha kucheza zile zilizoingia mwishoni.

Na bibi angehitaji kiasi gani? Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu megabaiti moja kwa dakika. GB 8 ni zaidi ya saa 130 za muziki. Hata bibi alicheka. "Saa mia? Mnataka nisilale?"

Walilipa Sh37,000. Zilizobaki zikawa nauli na soda moja ya kugawana.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kujaza nyimbo, na hapa watu wengi hukwama. Nyimbo zilizopakuliwa ndani ya programu za muziki za kwenye simu hazihamishiki. Zinachezwa humohumo tu. Vijana wa mtaani wanaoingiza nyimbo kwa kila kadi wapo, na wengi huwatumia, ingawa mwimbaji hapati hata senti kwa njia hiyo. Familia hii ilikuwa na hazina nyingine. Bibi alikuja kutoka Tanga na boksi la kanda, nyingine zimepinda, nyingine ute wake umejikunja. Mjukuu aliazima redio ya kaseti kwa jirani, akaiunganisha kwa waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta ya mjomba wake, akarekodi moja moja. Hakuna njia ya mkato: kanda ya C60 inachukua dakika 60, ya C90 dakika 90. Ilimchukua wikiendi nne.

Kanda ya saba haikuwa na lebo. Ilikuwa ya harusi, kelele tupu, vigelegele, na katikati sauti ya mwanamke akimtania mwimbaji anapokwenda kumtunza. Kijana alitaka kuifuta. Bibi, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akasema asiiguse. Ilikuwa sauti ya mdogo wake, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Kijana aliiingiza kwanza kabisa kwenye kadi, kwa sababu vifaa vingi vya aina hii hucheza kwa mpangilio wa uingizaji na si wa majina. Akiwasha na kubonyeza kitufe cha kurudi nyuma kwa muda, bibi huikuta.

Kwa wiki ya kwanza sauti ilikuwa juu mno, hadi jirani akaja kuuliza kuna sherehe gani. Bibi alilalamika kwamba maneno yanamezwa. Mama akafikiri kifaa kimeharibika. Walipompeleka zahanati, sikio la kulia lilikutwa limejaa nta, ambayo kwa miaka alikuwa akiisukuma ndani zaidi kwa vijiti vya pamba. Alipewa matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, kisha likasafishwa. Muuguzi aliwaeleza pia kwamba umri huchukua kwanza sauti nyembamba, na kwamba kuzidisha sauti hakurudishi maneno. Kusogeza spika karibu husaidia zaidi. Sasa kifaa hukaa kwenye mto, usawa wa kichwa, na gurudumu halifiki hata nusu.

Siku hiyo ya zahanati bibi aliuliza jambo ambalo binti yake alikuwa akilikwepa tangu Tanga. "Na wewe, umeshapima macho?"

Daktari wa macho aliwaambia wazi kwamba presha ya macho hutembea katika familia, na watoto wa mgonjwa wanapaswa kupimwa. Mama ana miaka 43. Jibu lake lilikuwa lilelile: bado anatunga uzi kwenye sindano. Lakini ugonjwa huu kwa kawaida huanzia pembeni mwa uoni na kuacha katikati kwa muda mrefu. Mtu anaweza kutunga uzi vizuri huku kingo za dunia yake zikiwa zimeshaanza kuliwa. Bibi alijua hilo kuliko wote. Yeye alikuwa akishona mikeka hadi mwaka ule alipoanza kugonga fremu za milango.

Mama alikwenda Jumanne, akafunga kibanda nusu siku. Bibi alikataa kukaa chumbani. Aliketi barazani na kifaa chake mapajani, ile ya harusi ikicheza. Ilipokaribia saa nane akashika gurudumu, akapunguza sauti hadi ikabaki mnong'ono, ili zile ndala zikifika getini azisikie.